Taa ya tangi la samaki haichaguliwi kwa picha

Nilipotafuta taa mpya ya tangi langu, kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: nitakutumia picha ya langu, ukiipenda rangi nunua taa kama hiyo. Ushauri huu umewala watu pesa hapa Mombasa, na unaniudhi mpaka leo.

Tuliujaribu nyumbani, Tudor. Usiku, taa za sebuleni zimezimwa, mimi na mpwa wangu bega kwa bega mbele ya tangi, kila mtu na simu yake. Yangu ikatoa maji meupe na majani ya kijani kibichi. Yake ikatoa maji ya buluu, majani yamepauka. Nikaegemeza sahani nyeupe kwenye kioo, simu yangu ikabadili rangi ya tangi zima. Nikaondoa sahani, nikaweka ndoo nyekundu, ikabadili tena! Kisha nikamtumia picha yangu, na kwenye skrini yake ikafika ya manjano, kwa kuwa simu yake hupunguza buluu usiku. "Sasa mjomba, tangi lenyewe ni lipi hapa?" Lilikuwa mbele yetu, na hakuna picha iliyofanana nalo.

Simu haipimi rangi ya taa. Inakisia kipi ni cheupe, kisha inazivuta rangi nyingine zifuate. Taa ya Kelvini 6,500 na ya 10,000 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga mweupe) ukiziwasha pamoja utaona ya pili ina ubuluu zaidi, lakini kamera ikishasawazisha, tofauti karibu yote imekwenda. Wanaofuga matumbawe ndio wanaoumia zaidi. Buluu kali ya taa zao, ya nanomita 450 hivi (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina wake), huijaza kamera mpaka picha ikawa doa tupu la buluu, na zambarau ya nanomita 420 skrini za kawaida haziwezi kuitoa kabisa, hata ungepiga kwa kamera ya bei gani.

Nilichofanya mimi ni kukata kipande cha leso kuukuu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, nikazunguka nacho madukani. Muuzaji mmoja akaniambia, "Ami, si rangi hiyo hapo kwenye boksi?" Nikamwomba azime taa za duka, nikakaa kidogo macho yatoke kwenye jua la nje, ndipo akawasha taa mbili kwa pamoja, zote zimeandikwa 6,500. Chini ya moja leso ilikuwa nyekundu hasa. Chini ya nyingine, nyekundu ile ile ikawa kahawia iliyochoka. Weupe wao ulikaribiana, ila ya pili ilikuwa na mwanga mwekundu kidogo mno. Muuzaji mwenyewe akainama kutazama. Ni lazima ziwake pamoja, maana taa ikiwa peke yake jicho huizoea haraka na kuiona nyeupe.

Nililipa elfu tatu na kitu, na ile mbaya ndiyo iliyokuwa ghali. Nyumbani ule mstari wa nyuma wa neon tetra, samaki wangu wadogo, ukatoka mwekundu kama inavyotakiwa.

Unayeagiza kutoka Nairobi na huwezi kwenda na leso, usiombe picha. Omba grafu ya mawimbi ya mwanga wa taa hiyo, utazame upande wa nanomita 620 mpaka 680, ndipo penye wekundu. Kama pamelala chini kabisa, samaki wako wekundu hawatapendeza.