Konokono, Boya na Zulia Lililolowa

Tangu miguu iniishie nguvu, ndoo ya lita 20 imenishinda kabisa. Lakini niache kufuga matumbawe kwenye tangi langu la maji ya chumvi nyumbani? Thubutu! Tangi nimelishusha hadi usawa wa macho yangu nikiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kazi za kila siku nimeziachia pampu.

Moja inaongeza maji yanapopungua. Maji matamu yaliyochujwa, si ya chumvi, kwa sababu kinachoruka kama mvuke ni maji tu, chumvi inabaki. Bila hivyo ingepanda kupita gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Nyingine ndogo zinadondosha kalsiamu na alkali, ambazo matumbawe hujengea mifupa yao, kidogo kidogo, mchana na usiku.

Wiki iliyopita konokono wa tangini alipanda juu ya boya la swichi, lile linaloshuka na maji na kuiwasha pampu ya kuongezea, akalala hapo. Boya likazama, pampu ikadhani maji yamepungua, ikamimina usiku kucha. Nimeamka zulia linachuruzika. (Konokono mzima, msijali.) Sasa kuna swichi ya pili juu yake inayokata umeme, na pipa la akiba ambalo pampu huvuta maji nimechagua dogo makusudi, ili hata ikikosea isimwage mengi.

Kioo nasugua mwenyewe kwa sumaku mbili, moja ndani, moja nje. Hiyo kazi siigawi.