Siku moja maishani mwangu: nyota chipukizi za Jabari na majirani zao

Saa 11 alfajiri. Kitu cha kwanza ninachokitazama ni kompyuta, kwa sababu kifurushi cha intaneti cha usiku huisha kukipambazuka na nilikuwa nimeiacha ikipakua picha tangu saa 6. Zimeingia zote isipokuwa moja, ambayo faili lake limekatika katikati, nami nitalazimika kuirudia usiku wa leo. Ninasoma shahada ya uzamili ya fizikia hapa Dar es Salaam na sina darubini yoyote ya utafiti. Picha ninazozifanyia kazi, za nyota changa katika kundinyota la Jabari (Orion), zilipigwa na Spitzer, darubini ya anga za juu yenye kioo cha sentimita 85 tu, ambayo Marekani iliirusha mwaka 2003 na kuizima Januari 2020, na zimehifadhiwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzichukua bila malipo. Swali langu ni dogo kwa maneno, nalo limeshanila mwaka mzima: je, mahali nyota inapozaliwa, na wingi wa majirani inaozaliwa nao, hubadilisha mng'ao wake?

Saa 2 asubuhi. Chumba chetu kina meza nne na feni moja, na Februari hii anayewahi ndiye anayekaa chini ya feni. Ninaanza kwa kuipitia tena hesabu ambayo kazi yote imeegemea, kwa kuwa mchana nitaulizwa na Dokta, msimamizi wangu.

Nyota changa, ingali imefunikwa na wingu la gesi na vumbi lililoizaa, haijaanza kuunguza haidrojeni kama Jua letu. Sehemu kubwa ya nuru yake hutokana na gesi inayoiangukia, ambayo ikigonga uso wake hugeuza mwendo wa kuanguka kuwa joto, na ndiyo maana mng'ao wake hutuambia inakula kiasi gani kuliko kutuambia imekuwa kubwa kiasi gani. Chukua nyota yenye nusu ya uzito wa Jua na upana mara tatu ya Jua, inayopokea kila mwaka sehemu mbili kwa milioni za uzito wa Jua: hesabu inatoa mng'ao wa mara kumi hivi ya Jua. Hapo ndipo mazingira yanapoingia. Katika wingu baridi la kelvini 10, yaani nyuzi 263 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi, gesi hutarajiwa kuanguka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Wingu likipashwa joto na nyota kubwa za jirani hadi kelvini 20, kiasi hicho hupanda karibu mara tatu, na mng'ao nao hupanda. Zaidi ya hayo, nyota iliyokaa katikati ya kundi ipo mahali ambapo uvutano wa kundi zima hukusanya gesi, hivyo hupata hata ile ambayo isingeweza kuivuta peke yake.

Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Angani hayakunyooka, kwani mwaka 1990 wanaanga walioyachunguza mawingu ya gesi ya kundinyota la Ng'ombe (Taurus) walionyesha kuwa nyota changa za huko ni hafifu karibu mara kumi kuliko hesabu inavyodai. Mawingu hayo, yaliyo umbali wa miakanuru 450 hivi, yapo upande uleule wa anga kilipo Kilimia, kile walichokitumia wazee wetu kujua msimu wa kulima. Hayana nyota kubwa ya kuyapasha joto, na nyota zake zimetawanyika kama nyumba za wafugaji.

Saa 4 asubuhi. Jabari ni kinyume chake, ndiyo maana nilimchagua. Orodha ya Spitzer ya mawingu yake, iliyotolewa mwaka 2012, ina nyota changa 3,479 zenye vumbi, na kati yake 488 zimehesabiwa kuwa zingali ndani ya maganda yao ya gesi. Nyingine zimebanana kuizunguka Nebula ya Jabari, wingu la gesi linalong'aa, kama watu wa Manzese, nyingine zimekaa mbalimbali kusini mwake katika wingu refu jeusi. Kwa kila moja kati ya hizo 488 ninapima umbali hadi jirani wake wa tano, ninaupata msongamano wa mtaa wake, kisha ninazigawa makundi mawili: za mitaa yenye msongamano na za mitaa mitupu. Kompyuta haichukui hata dakika moja. Kilichonichukua wiki tatu ni kuukadiria mng'ao wa kila nyota kutokana na nuru ya infraredi peke yake, ile isiyoonekana kwa macho, maana nuru ya kawaida haipenyi vumbi lile.

Grafu ya idadi ya nyota kwa kila kiwango cha mng'ao inatoka kama ilivyotoka kwa watafiti waliolinganisha mawingu tisa mwaka huohuo wa 2012. Wao waliona kuwa mawingu yanayozaa nyota kubwa, likiwemo la Jabari, yana nyota changa ambazo nyingi zinazunguka mng'ao wa Jua moja, na chache zinazofikia zaidi ya Jua 100, ilhali yale yanayozaa nyota ndogo tu, yakijumlishwa, kilele chake kiko chini ya Jua moja. Ndani ya Jabari mwenyewe, za mitaa iliyosongamana zilikuwa na mng'ao mkubwa kuliko za pembezoni. Zangu pia. Ninakiri nilitabasamu peke yangu kama mjinga.

Saa 6 mchana. Tabasamu halikudumu.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Hebu nione." Anaitazama grafu kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda, kisha anaweka kidole upande wa kushoto, kwenye mng'ao mdogo, ambako pau za mitaa iliyosongamana ni fupi mno. "Binti, hawa hafifu hawapo, au hujawaona?"

Nina majibu mengi ila la swali hilo sina. Nyota kubwa iliyo kiini cha Nebula, Theta1 Orionis C, imelipasha joto vumbi la mtaa mzima, na vumbi lenyewe linang'aa katika infraredi ileile ninayoitumia, kiasi kwamba katikati ya Nebula vipima-nuru vya Spitzer vilizidiwa na picha ikabaki doa jeupe. Nyota hafifu mahali hapo ni sawa na kibatari kilichowekwa mbele ya taa za uwanja wa mpira. Mazingira yanaweza kuing'arisha nyota kweli, na mazingira hayohayo yanaweza kuzificha zilizo hafifu ili zilizobaki zionekane kuwa ndizo kawaida ya mtaa. Katika grafu yangu mambo haya mawili yana sura moja.

Saa 8 mchana. Dawa yake ni ya kizamani na inachosha: kupanda nyota bandia. Ninaandika programu inayochukua picha halisi, inapachika ndani yake vidoa vya nuru ambavyo mng'ao wake ninaujua, kisha inaiachia ile programu ya kutafuta nyota, bila kuidokeza chochote, izisake. Nilizozipanda katika wingu jeusi la kusini zinarudi karibu zote, hata hafifu kabisa. Nilizozipanda kandokando ya Nebula zinapotea moja baada ya nyingine kadiri ninavyopunguza mng'ao. Nyingine zinarudi zimeunganika na jirani na kuhesabiwa kuwa nyota moja angavu, kwa kuwa kwa umbali wa Jabari, yaani miakanuru 1,350 hivi, Spitzer, katika mawimbi marefu ya infraredi ninayoyategemea, haikuweza kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko mara 2,500 ya umbali wa Dunia na Jua. Hilo la pili sikulitarajia, na ndilo lililonitia hofu zaidi. Saa 9 kasoro umeme unakatika. Betri inanipa dakika arobaini, nami ninazitumia zote.

Saa 10 jioni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anakuja na chupa ya chai na swali zuri. "Dada, sasa kama mng'ao ni chakula, si unaweza kuwa umeipiga picha nyota siku ambayo haijala?" Ninamweleza habari ya FU Orionis, nyota ya Jabari huyuhuyu, ambayo mwaka 1936 ilianza kupanda mng'ao ghafla hadi ikawa zaidi ya mara mia moja ya ulivyokuwa, na mpaka leo haijarudi ilikotoka. Huenda zile hafifu za Ng'ombe nazo hula kwa vipindi, na sisi tumezikuta zikiwa na njaa. Ndiyo maana ninalinganisha makundi, silinganishi nyota moja na moja.

Saa 2:30 usiku. Umeme umerudi. Ninakata grafu upya, safari hii nikiacha nje kila nyota iliyo hafifu kuliko kiwango ambacho nyota bandia zilionekana kwa usawa katika mitaa yote miwili, na eneo lote la lile doa jeupe ninalifuta. Tofauti inapungua, sehemu yake kubwa ilikuwa ya macho yangu. Lakini haifutiki: za mitaa iliyosongamana bado zimeegemea upande wa mng'ao mkubwa. Ninamtumia Dokta ujumbe, kisha ninapanda juu ya paa na darubini ya mkono. Kwa latitudo yetu Nebula hupita karibu na utosi kabisa, nami ninalazimika kulala chali juu ya zege ambalo bado lina joto la mchana ili niipate: ukungu mdogo wa kijivu kwenye upanga wa Jabari, chini ya zile nyota tatu za mkanda.

Simu inaita kwa ujumbe. "Vizuri. Sasa jaribu hivyohivyo katika Dajaja, kwenye Cygnus X." Ni eneo jingine linalozaa nyota, katika kundinyota la Dajaja (Cygnus), umbali wa miakanuru 4,600 hivi: mara tatu na zaidi ya umbali huu, na kila vidoa viwili vilivyoungana kwangu leo huko vitakuwa vitano. Ninashuka kutafuta orodha ya faili zake kabla kifurushi cha usiku hakijaanza.