Usukani uliogoma: kumbukumbu ya boti ya faiba, wiki ya sita

Jumamosi

Leo nimeshinda nikivutana na usukani, na usukani ndio ulioshinda.

Kwa ambaye hakuwa nami tangu mwanzo: boti ni ya faiba, futi 17, ina miaka thelathini na kitu, injini yake Yamaha ya farasi 40. Tuliipandisha juu ya magogo hapa Tanga siku za bamvua, maji yalipojaa hasa, na hesabu yangu ilikuwa ishuke bamvua lijalo, yaani baada ya wiki mbili. Bamvua hilo limepita, na la pili nalo limepita. Watoto wa pwani hapa wameshaizoea, wanaanikia nguo zao juu yake wakienda kuogelea.

Ugonjwa ulionileta kwenye usukani ni uzito. Kukata kona ilikuwa lazima usimame na uegemee kwa mwili mzima. Kabla ya kufungua chochote nilikwenda nyuma, nikauchomoa mkono unaounganisha kebo na injini, kisha nikaisukuma injini yenyewe kwa mikono. Ikaenda kulia na kushoto kama mlango uliotiwa mafuta jana. Basi nikajua kosa haliko huko. Liko kwenye kebo, au kwenye kisanduku cha gia kilicho nyuma ya usukani. Na kisanduku hakitoki mpaka usukani utoke. Isitoshe, ubao wa dashibodi ni plaiwudi iliyooza, ukiubonyeza kwa kidole gumba unatoa maji, kwa hiyo kila kitu lazima kibanduke tu.

Kifuniko cha plastiki cha katikati kilitoka kwa ncha ya bisibisi. Chini yake nati moja na washa. Nati ni ya inchi, robo tatu, lakini spana 19 inaishika vizuri kabisa. Ilifunguka bila ubishi, nikajidanganya kwamba kazi imekwisha. Nikashika usukani, nikavuta. Nikaweka magoti mawili kwenye mikono yake kwa nyuma, nikavuta tena. Boti nzima ilicheza juu ya magogo, usukani hata habari hauna.

Ukijua ulivyoundwa huwezi kuulaumu. Shafti yake, yaani fimbo ya chuma inayoubeba, imechongwa kama kizibo cha chupa, nene chini na nyembamba juu, na tundu la usukani limechongwa hivyohivyo. Ukikaza nati, usukani unajikita. Pembeni kuna kipande cha chuma cha umbo la nusu mwezi, mafundi wanakiita kii, kinachozuia usukani usizunguke peke yake. Lakini kinachoushika hasa ni ule mkazo wa kizibo. Sasa kishike kizibo hicho miaka thelathini kwenye ukungu wa maji ya chumvi.

Nikamwita mpwa wangu. Yeye avute, mimi nigonge kichwa cha shafti kwa nyundo. Tulipiga kama mara kumi hivi. Mzee mmoja anayetengeneza mashine za boti hapo jirani alikuwa amekaa kivulini akituangalia. Akainuka taratibu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mwanangu, unampiga nani hapo?”

“Nagonga shafti, mzee, usukani haubanduki.”

“Nyuma ya hiyo shafti kuna gia. Hizo ndizo unazozipiga.”

Nikanyamaza. Kisanduku bado nakihitaji, huenda kebo peke yake ndiyo mbovu. Akachukua nati, akairudisha kwa vidole mpaka uso wake ukalingana na ncha ya shafti. Sababu zake mbili: ukigonga, kipigo kitue kwenye nati na ncha pamoja, nyuzi zisivimbe, na usukani ukikubali ghafla, nati itauzuia usikupige meno. Kisha akaniambia niweke kipande cha mti mgumu kati ya nyundo na chuma, na nigonge kidogokidogo huku mwingine akivuta. Ukitumia nguvu nyingi, akasema, utakuwa na kazi mbili.

Alipoondoka alicheka. “Usukani wa jahazi nauchomoa mimi na mwanangu, kabla uji haujapoa.” Ni kweli, na ni lugha yetu inayotuchanganya. Kwao usukani ni ule ubao wa nyuma unaokata maji, na kinachoshikwa mkononi ni kana. Haya maduara tumeyapa jina la ubao.

Jumapili

Mafuta. Kwanza nilipuliza ile kopo ya bluu na njano ambayo kila mtu anayo. Inafukuza maji vizuri, ila kwa kutu iliyokomaa naona haifiki mbali. Nikachanganya yangu: nusu mafuta ya gia boksi otomatiki, nusu asetoni, kwenye chupa ya kioo. Hivi viwili havipatani, vinaachana baada ya muda mfupi, kwa hiyo unatikisa chupa kila unapotaka kudondosha. Asetoni inakula plastiki na inashika moto upesi, nami nina tangi la petroli chini ya kiti. Niliitoa mipira ya petroli, nikalibeba tangi mpaka mbali, nikatandika matambara.

Nilipochokonoa kwa msumari pembeni ya shafti, haikutoka kutu nyekundu niliyoitegemea. Ulitoka unga mweupe, mkavu, kama chokaa iliyobanduka ukutani. Hapo ndipo nilipomwelewa adui yangu. Kitovu cha usukani ni cha alumini, shafti ni ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi zinakuwa betri, na kwenye betri hiyo anayeliwa ni alumini. Inapoliwa haiondoki ikaacha nafasi. Inageuka unga unaochukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe. Tundu linajijaza na kujibana. Ndiyo maana kila kipigo kilikuwa kama kupiga ukuta.

Nikadondosha asubuhi, mchana na jioni. Nikafunika kwa mfuko wa nailoni.

Jumanne

Moto. Si wa gesi, ingawa kijana mmoja alijitolea kuleta mtungi wake na nikamshukuru mbio. Faiba, petroli na asetoni, halafu uwashe gesi? Nilitumia birika. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kitovu kikiwa cha moto na shafti haijapata joto sana, tundu linafunguka kiasi cha unywele. Kitambaa cha taulo kimezungushwa kwenye kitovu, maji ya kuchemka yanamwagwa taratibu juu yake, mpwa anavuta, mimi nagonga.

Birika tatu. Kwenye ya tatu kulisikika “tik”, ndogo sana, sijui hata kama ni usukani au ni plaiwudi. Hakuna kilichosogea.

Mchana nikaazima kwa fundi magari pula, chombo cha kuvutia vitu vilivyong'ang'ania shafti, ile ya kucha tatu. Hii ilikuwa aibu yangu ya wiki. Kati ya kitovu na pete ya plastiki iliyo juu ya dashibodi hapaingii hata ncha ya kidole, na kucha za pula ni nene. Nikalazimisha moja, pete ikapasuka vipande viwili. Nikajaribu kushika kwenye mikono ya usukani badala ya kitovu, mkono mmoja ukaanza kupinda mbele ya macho yangu. Nikalegeza, nikafunga vyombo, nikaenda kunywa kahawa.

Usukani wa baadhi ya magari una matundu mawili yenye nyuzi kwenye kitovu, unafunga bolti za pula humo na kazi inakwisha. Huu wangu hauna hata kimoja.

Alhamisi

Ile pete niliyoivunja ndiyo iliyoniokoa. Nilipovitoa vipande vyake, nyuma ya kitovu palibaki nafasi ya sentimita moja hivi. Nikachukua vipimo kwa rula, nikachora kwenye boksi la sabuni, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea.

Alichonitengenezea ni hiki. Vipande viwili vya chuma bapa cha milimita 8, kila kimoja kimekatwa nusu duara upande mmoja, ili vikikutanishwa vikumbatie shafti nyuma ya kitovu. Kwenye ncha zake matundu ya bolti mbili ndefu za milimita 12. Juu, mbele ya usukani, kipande cha tatu kinachopokea bolti hizo, na katikati yake amechomelea nati inayopitisha bolti nene itakayosukuma ncha ya shafti. Ukikaza bolti ya kati, vipande vya nyuma vinavuta kitovu kutoka mgongoni, si kwenye mikono. Bei ilikuwa ya kirafiki kwa sababu vyuma vilikuwa mabaki yake mwenyewe. Kingo alizisaga kwa grenda kwa kuwa nilimwomba. Ukiziacha na meno, zinakula alumini ambayo imeshaliwa vya kutosha.

Ijumaa

Baada ya swala nikafunga kifaa. Nati iko palepale, imelingana na ncha ya shafti. Nikatia grisi kwenye nyuzi za bolti ya kati, nikaweka sarafu ya zamani ya shaba kati yake na shafti isitoboe. Nikakaza mpaka spana ikaanza kulia, nikagonga kichwa cha bolti mara moja, kavu. Nikakaza robo mzunguko. Birika. Nikagonga. Robo nyingine.

Vyuma vya nyuma vilianza kupinda kidogo, nami nikaanza kupinda roho. Yule mzee akapita, akatazama, akasema neno moja: “Iache.”

Nikaiacha vilevile, imekazwa. Nikadondosha mafuta ya mwisho, nikafunika, nikaenda nyumbani.

Baada ya Isha mpwa wangu alikuja mbio kutoka pwani. “Mjomba, boti imelia!”

“Imelia vipi?”

“Kama nazi imeanguka juu ya bati.”

Tulikwenda na tochi. Usukani ulikuwa umeruka mpaka kwenye nati na kukaa hapo, umelegea, ukiugusa unacheza. Hakuna aliyekuwa karibu wakati unatoka. Niliuzungusha kwa kidole kimoja, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jumatatu

Ndani ya kitovu kulikuwa na gamba la kijivu lililoshikamana kama ukoko wa wali. Brashi ya waya kwenye shafti, msasa laini kwenye tundu, basi. Sikutaka kulichokonoa zaidi, kwa sababu ukilipanua tundu lenyewe, usukani hautakaa tena mahali pake. Kii kilitoka kwa kugongwa upande mmoja kwa tindo nyembamba; kina umbo la nusu mwezi, kwa hiyo ukibonyeza pembe moja, ya pili inainuka. Kii na nati viko kwenye chupa ya dawa, imeandikwa kwa kalamu. Nati hii siipotezi. Nilijaribu nati ya bolti ya milimita 12 ili tu nijue: inaingia mzunguko mmoja, inakuhadaa, kisha inakwama. Nyuzi za hii ni 20 kwa inchi.

Kisanduku cha gia kilitoka bila hadithi. Nilipokitenga na kebo, kikazunguka laini. Kizima! Nyundo zangu za Jumamosi hazikukidhuru. Kebo ndiyo mwizi. Ganda lake la nje limepasuka karibu na injini, maji ya chumvi yameingia, na waya wa ndani umevimba kwa kutu hadi hauendi wala haurudi.

Urefu uliochapwa kwenye ganda umefutika, nikapima upya: kutoka katikati ya usukani hadi ubavuni, ubavuni hadi nyuma, kisha hadi katikati ya injini. Unatoa inchi 4 kwa kila kona ya mraba, unaongeza inchi 6, unapandisha hadi futi kamili. Imenipa 14. Nimeagiza Dar.

Dashibodi mpya naikata wiki hii, plaiwudi ya maji, na kingo zote zitanyweshwa resini kabla ya tundu lolote kutobolewa. Usukani ukirudi, shafti itapakwa grisi ya baharini.

Kwa sasa uko nyumbani, nimeutundika kwenye msumari wa jikoni ukauke rangi. Leo asubuhi nimekuta mama ameshaanikia vitambaa vyake vya vyombo.