Besi ya Scott LaFaro

Wiki hii sijasikiliza kitu kingine zaidi ya albamu ya jazz inaitwa Sunday at the Village Vanguard, ya Bill Evans Trio, asubuhi kwenye daladala naenda mjini, jioni narudi Kisasa, usiku nikishakula, na kila nikiirudia nakuta kuna kitu besi ilisema na mi kilinipita.

Ni laivu, ilirekodiwa siku moja tu, Jumapili tarehe 25 Juni 1961, kwenye klabu iliyoko chini ya ardhi pale New York. Watu watatu. Bill Evans piano, Scott LaFaro besi ile kubwa ya kusimama, Paul Motian dramu. Walipanda jukwaani mara tano mchana hadi usiku, na unachosikia ni wimbo wote wanaujua vizuri alafu wanaubomoa na kuujenga palepale, ndo maana wimbo uleule ukipigwa mara mbili siku ileile unakuwa habari mbili.

Sasa huyu LaFaro bana. Mi nimekulia kwenye dansi, nyumbani mzee alikuwa na kaseti za Western Jazz na Morogoro Jazz, na kule besi ina kazi yake inajulikana, inashika njia ili magitaa yatambe na watu wacheze, na naipenda hivyohivyo hadi leo. LaFaro haishiki njia. Anapanda juu kabisa kwenye nyuzi, anamdakia Evans maneno, anamjibu, mara ananyamaza kabisa unasubiri arudi, na bado mapigo hayapotei kwa sababu wote watatu wanayo kichwani na hakuna anayelazimika kuyapiga ili wenzake wasipotee. Evans naye anampa nafasi, mkono wa kushoto haugusi sana zile noti za chini, anamwachia mwenye besi. Motian na brashi zake anasugua tu, kuna sehemu unaweza kudhani katoka kumbe yupo.

Mtu niliyemsikilizisha kaniuliza nani hapo anaongoza. Sikuwa na jibu, na nadhani hapo ndo penyewe hasa nilipopapendea. Kitu cha karibu nilichowahi kusikia ni huku kwetu Chamwino, Wagogo wakiimba na zeze na ilimba, ile ya kupiga kwa vidole gumba, sauti moja inaanza, nyingine inaingia pembeni yake wala haiifuati, ya tatu inakuja na njia yake, na ukijaribu kukamata moja ukasema hii ndo wimbo, wimbo wenyewe unakuponyoka.

Alafu kuna watu mle ndani. Unasikia glasi zinagongana, mtu anacheka, watu wanapiga stori zao kabisa wakati LaFaro anapiga solo! Mwanzoni ilinikera sana, sa hivi nisingependa wazifute, maana zinanionyesha jinsi jamaa walivyokuwa wanasikilizana wao kwa wao bila kungoja kusikilizwa na sisi. Na kwenye boksi la kanda zote za siku ile lililotoka 2005 kuna Gloria's Step ya kwanza kabisa, umeme ukakatika katikati ya wimbo, kanda ikakatika nayo, wenyewe wanaendelea kupiga. Nilisimamisha nikarudisha nyuma kuhakikisha sio simu yangu.

Siku 11 baada ya kurekodi, tarehe 6 Julai 1961, LaFaro akafa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 25. Evans akakaa miezi bila kupanda jukwaani. Hii albamu ilipangwa baada ya msiba na nyimbo zikachaguliwa ili yeye asikike, inafunguliwa na wimbo aliotunga mwenyewe, ndo hiyo Gloria's Step, na inafungwa na mwingine wake, Jade Visions. Huo wa mwisho ni mzito polepole, besi inapiga nyuzi mbili kwa pamoja kama inaomba kitu, piano inakanyaga kwa adabu, na mi kwa kweli siwezi kuusikiliza nikiwa nafanya kazi nyingine, nikijaribu naacha kazi.

Nasikia watu wanaanza na Waltz for Debby, ile iliyotoka 1962 kutoka kanda hizohizo. Ni nzuri, haina ubishi, na piano yake inaingia haraka kwa mgeni. Ila mimi nikikuletea mgeni wa jazz nitamwekea hii kwanza, na nitamwambia piano aiache kwa muda, afuate besi tu.