Kishikwambi ndegeni: kinachokwamisha ni leseni kabla ya chaji

Ukijiandaa kwa safari ya saa nane au kumi angani, weka kando kwanza wasiwasi wa chaji. Chaji ina dawa zake, na tutazifikia. Kinachoudhi zaidi ni filamu iliyopakuliwa ikafika asilimia mia, ikakaa vizuri kwenye orodha, halafu ndege ikishapaa inagoma kufunguka na kudai intaneti.

Sababu ni kwamba unachopakua kutoka Netflix, Prime Video na huduma za aina hiyo si faili lako. Ni faili lililofungwa, na leseni ya kulifungua ina muda wake. Filamu ya kukodi kwenye Apple TV kwa kawaida hukupa siku 30 za kuianza, lakini ukishabonyeza kitufe cha kucheza unabaki na saa 48 tu. Netflix nayo ina filamu ambazo muda wake huisha saa 48 baada ya kuanza kuzitazama, na nyingine hukaa zaidi. Zikibakiwa na chini ya siku saba, muda uliosalia huonekana kwenye orodha ya vilivyopakuliwa. Spotify hutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizopakua huondolewa.

Kwa hiyo pakua karibu na safari, si wiki tatu kabla. Na filamu ya kukodi usiionje nyumbani hata kwa dakika moja, maana saa yake inaanza kuhesabu hapohapo. Kama unataka kujua programu ya filamu inafanya kazi bila mtandao, ijaribu kwa filamu uliyoinunua moja kwa moja.

Jaribio lenyewe lifanyike usiku wa kuamkia safari, na mpangilio wake una maana. Anza kwa kusasisha programu, kwa sababu sasisho linaweza kukutoa kwenye akaunti. Fungua kila programu uhakikishe bado umeingia. Ndipo upakue, huku kioo kikiwa kimewaka na programu ikiwa wazi, kwani baadhi ya vifaa husimamisha upakuaji kioo kikijifunga. Ukimaliza, zima kishikwambi ukiwashe tena, kisha washa hali ya ndegeni.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. iPad na vifaa vingi vya Android hukumbuka kwamba mara ya mwisho uliiacha Wi-Fi ikiwaka ndani ya hali ya ndegeni, vikairudisha hivyo bila kukuuliza. Unadhani unajaribu bila mtandao, kumbe bado unautumia wa nyumbani. Izime Wi-Fi kwa mkono, uangalie alama yake imepotea kweli. Baada ya hapo fungua kila programu, cheza nusu dakika, ruka hadi katikati ya video, angalia kama manukuu yanatokea. Michezo ijaribu moja moja pia: mingi, hata ile ya kuchezwa na mtu mmoja, hubisha hodi kwenye seva inapofunguka na isipojibiwa hubaki kwenye nembo.

Mambo mawili madogo kuhusu leseni. Ukitaka saa ya unakokwenda, badilisha ukanda wa saa. Usisogeze saa au tarehe kwa mkono, kwa sababu programu zinaweza kudhani muda umechezewa na kufunga kila kitu. Pili, haki za filamu hutolewa kwa nchi. Ukitua kuunganisha ndege na kuingia Wi-Fi ya uwanja, baadhi ya ulivyopakua vinaweza kukataa kucheza kwa kuwa havina kibali katika nchi hiyo. Kama bado una safari ya pili mbele yako, iache programu ya video ikiwa imefungwa wakati umeunganishwa.

Ndiyo maana faili zako mwenyewe, zisizo na kufuli, zinafaa kuwemo japo chache. VLC, programu ya bure ya kucheza video, hucheza karibu kila aina ya faili bila kugeuza chochote. Kwa kioo cha inchi 10 au 11 kinachotazamwa kwa umbali wa mkono, ukali wa picha wa 720p unatosha kabisa. Filamu ya saa mbili huwa kama GB 1 hadi 1.5, ilhali 1080p hufika GB 2 hadi 4. Manukuu ya faili la .srt yape jina lilelile la video na uyaweke folda moja. Ukitumia kadi ya kumbukumbu au flashi, kumbuka kwamba mfumo wa kupanga faili wa FAT32 haupokei faili linalofika GB 4: nakala itakatika na huenda ujumbe wa kosa usikueleze kwa nini. Ifomati kuwa exFAT kabla ya kunakili. Jambo jingine: video ya HEVC au AV1, yaani miundo mipya ya kubana video, kwenye kishikwambi cha zamani kisichokuwa na kisimbuzi chake cha ndani (sehemu ya chipu inayoifungua) hulazimisha prosesa ifanye kazi yote, na betri inayeyuka. Kama kifaa kinapata moto kwenye video moja na kwenye nyingine hakipati, sababu huwa ni hiyo, na dawa ni muundo wa zamani zaidi, H.264.

Sasa chaji. iPad ya kizazi cha 10 ina betri ya Wh (wati-saa) 28.6 na Apple huihesabia hadi saa 10 za video, yaani matumizi yasiyofika wati 3. Tundu la zamani la USB kwenye kiti hutoa volti 5 kwa nusu ampea, wati 2.5. Ukifanya hesabu utaona: mwangaza ukiwa juu, tundu hilo halijazi betri, linapunguza tu kasi ya kuisha. Chomeka tangu ndege inapotulia angani, usingoje asilimia 10. Na chakula kikiletwa au usingizi ukija, zima kioo ili umeme wote uende kwenye betri. Kushusha mwangaza ndiko kunakookoa chaji kuliko mbinu nyingine zote. Kabini ikizimwa taa, asilimia 25 inatosha.

Tundu la umeme la kawaida likiwepo, tumia chaja ndogo ya wati 20 au 30. Kubwa haina faida hapo, na ile nene na nzito huning'inia ikachomoka kwa sababu matundu ya ndege yameshalegea kwa kutumiwa sana. Kebo ya mita mbili hukusumbua miguuni. Mita moja inatosha.

Pawabenki isiwe tegemeo lako. Kanuni ya kimataifa inataka ikae kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaokabidhi kaunta, na isizidi Wh 100 bila kibali cha shirika. Hesabu yake: zidisha mAh, uwezo ulioandikwa kwenye ganda, kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 mAh ni Wh 74, inapita. Ya 30,000 ni Wh 111, itakuletea maneno. Uwezo ukiwa umefutika kwenye ganda, maofisa wana haki ya kuichukua. Lakini hata iliyokubalika huenda usiruhusiwe kuitumia. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa ardhini kwenye uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na mwezi Machi nchi hiyo ikapiga marufuku kuweka pawabenki kwenye makabati ya juu. Singapore Airlines ilizuia kuzitumia ndani ya ndege kuanzia Aprili 1, 2025, na Emirates ikafuata Oktoba 1. Soma masharti ya shirika lako kabla ya kuifanyia mipango. Kishikwambi chenyewe kisifike ukaguzi kikiwa kimeisha chaji kabisa. Katika baadhi ya viwanja, vya Marekani na Uingereza vikiwemo, unaweza kutakiwa ukiwashe, na kisipowaka hakipandi ndege.

Ndege nyingi siku hizi zina Wi-Fi ya burudani isiyohitaji kulipia intaneti: filamu ziko kwenye seva iliyo ndani ya ndege. Inataka kivinjari cha kawaida au programu ya shirika, ambayo lazima uwe umeipakua ukiwa chini. Ukurasa ukikataa kufunguka, zima VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine), na kwenye Android zima DNS ya Faragha (mpangilio wa kutafuta anwani za tovuti kwa siri), kwani hizo mbili hutafuta seva za nje ambazo hazipo. Dirisha la faragha la kivinjari nalo mara nyingi hukataa video zenye kufuli.

Upande wa sauti, beba hedifoni za waya hata kama unazo za Bluetooth. Vishikwambi vingi vipya havina tundu la milimita 3.5, hivyo usisahau adapta ya USB-C, na ijaribu mapema: zipo za bei ya chini zinazoungana vizuri lakini hazitoi sauti kwa sababu hazina kigeuzi cha sauti ndani. Bluetooth kwa kawaida inaruhusiwa ndani ya hali ya ndegeni. Kinachotakiwa kuzimwa ni redio ya mtandao wa simu. Mngurumo wa injini hukushawishi kupandisha sauti mno, kwa hiyo zile za kuziba sikio, au zenye kuzima kelele, zinakulinda zaidi kuliko spika kubwa. Kwa mtoto, weka kikomo cha sauti na umfungie kwenye programu moja: iPad ina Guided Access, Android ina kubandika programu.

Tangu Oktoba 2013 Marekani iliruhusu vifaa vidogo kutumika hata wakati wa kupaa na kutua, na Ulaya ikafuata mwaka huohuo. Vizito hutakiwa kuwekwa mbali. Mashirika mengi huchora mstari karibu na kilo moja. Kishikwambi kitupu huwa chini ya hapo, ila iPad Pro ya inchi 12.9 ikivaa kibodi yake hupita.

Na usikisimamishe kikiwa kimeegemea juu kabisa ya mgongo wa kiti cha mbele. Wa mbele akijilaza ghafla, ukingo hunaswa kati ya meza na kiti, na kioo kinapasuka. Kilaze chini zaidi, kwenye kifuniko chake. Kikiteleza kikazama pembeni mwa kiti, usisogeze kiti hata kidogo kukitafuta: vyuma vya ndani vinaweza kuponda betri ya lithiamu ikawaka. Bonyeza kitufe, mwite mhudumu, umwambie kimeangukia upande gani.