Kabla hujauliza chakula kimetoka wapi, uliza kimevunwa lini

Chakula cha karibu kinasifiwa sana, na sifa nyingi kinastahili, ila sababu zinazotajwa mara nyingi si zenyewe. Watu huhesabu kilomita. Mboga haijui kilomita. Inajua saa na joto. Spinachi iliyokatwa shamba la jirani ikashinda siku mbili guniani juani haina cha kujivunia mbele ya ile iliyosafiri usiku kucha kwenye gari lenye jokofu. Faida ya ukaribu ni kwamba chakula kinaweza kukufikia mapema. Kinaweza tu, kama kitafika hivyo, inategemea muuzaji na wewe mnunuzi.

Jani au tunda likikatwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, na kwa kuwa mzizi haulilishi tena, linakula akiba yake lenyewe. Joto ndilo linaloamua kasi. Mahindi matamu yakiachwa kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, hadi asilimia 60 ya sukari yake inaweza kugeuka wanga ndani ya siku moja. Yakiwekwa karibu na nyuzi 0, ni kama asilimia 6 tu. Njegere mbichi nazo hupoteza utamu upesi. Spinachi iliyokaa siku 8 kwenye nyuzi 4 hubakiwa na takriban nusu ya foleti (vitamini B9) yake, na kwenye nyuzi 20 hasara hiyohiyo hutokea kwa siku 4.

Kwa upande mwingine, karoti, vitunguu, viazi, maboga na kabichi ni wavumilivu. Ukivihifadhi vizuri, wiki moja zaidi hutaiona mdomoni. Kwa hiyo kama muda wako wa kuzunguka kutafuta ni mdogo, usiutumie kwa vitunguu. Utumie kwa majani, mahindi mabichi, njegere, maharage mabichi, stroberi na nyanya.

Nyanya ina kisa chake. Inayosafirishwa mbali huchumwa ingali ngumu, mara nyingi ya kijani, kisha huivishwa kwa hewa ya ethilini karibu na soko. Rangi huja, ladha haifuati kikamilifu. Tena mbegu za safari ndefu huchaguliwa kwa ugumu wa ganda na uwezo wa kukaa, utamu ukija baadaye. Anayeuza karibu anaweza kupanda aina yenye ganda laini ambayo isingevumilia hata safari moja ya lori.

Kwenye matunda, gawa makundi mawili kichwani. Ndizi, embe, papai na parachichi huendelea kuiva baada ya kuchumwa, mradi yalikomaa. (Parachichi ndiyo kabisa: halilainiki likiwa mtini.) Machungwa, nanasi, zabibu, tikiti maji na stroberi hayaongezi utamu baada ya kukatwa, hata yakibadilika rangi. Kundi hili la pili ndilo linalomlipa mnunuzi aliye karibu na mkulima mwenye subira, kwa sababu lililochumwa mapema haliponyeki tena.

Na mazingira? Hapa wapenzi wa chakula cha karibu huahidi kuliko ukweli unavyoruhusu. Utafiti wa Weber na Matthews wa mwaka 2008 kuhusu chakula cha Marekani ulionyesha kuwa usafiri wote ulichangia kama asilimia 11 ya gesi joto za chakula, na safari ya mwisho kutoka kwa mzalishaji hadi dukani asilimia 4 tu. Sehemu kubwa, asilimia 83, ilitoka kwenye uzalishaji. Nyanya za jirani zilizokuzwa kwenye vitalu vya kioo vinavyopashwa moto zinaweza kuchafua hewa kuliko zilizotoka mbali na kukua juani. Kilichosafiri kwa ndege ni habari nyingine; hicho kiepuke kwa moyo mweupe.

Sasa kukipata. Sokoni, meza yenye kila kitu miezi yote ya mwaka ni ya mchuuzi. Hana kosa, lakini si mkulima. Ona pia makasha yenye chapa za wasambazaji, vibandiko vidogo kwenye matunda, na bidhaa zilizolingana ukubwa kana kwamba zimepimwa. Kisha uliza: hii ni mbegu gani? Imechumwa lini, asubuhi au jana? Wiki mbili zijazo utakuwa na nini? Aliyelima hujibu hilo la mwisho bila kufikiri, na mara nyingi ataongeza malalamiko kuhusu mvua. Asiyelima atakwambia “vyote vitakuwepo.”

Fika mapema kwa ajili ya majani, kwa sababu kila saa mezani ni saa ya joto. Ukifuata bei, nenda jioni ukanunue viazi na maboga, ambavyo saa hizo hazijavidhuru.

Njia nyingine ni kulipa kabla ya msimu na kupokea kapu kila wiki. Japani mpango huu unaitwa teikei na ulishamiri miaka ya 1970. Marekani mashamba ya kwanza ya aina hiyo yalianza 1986, na Ufaransa ulifika 2001 kwa jina la AMAP. Kabla ya kulipa, ulizia mambo matatu: kapu lina uzito gani kwa kawaida, mazao yakikauka fedha zinakwendaje, na ukisafiri nani anachukua fungu lako. Wengi hujitoa kwa sababu ya wingi. Kapu la familia ya watu wanne likiingia nyumba ya wawili huozea jikoni, na lawama humwangukia mkulima. Anzeni na nusu kapu.

Ukaribu hauthibitishi usalama. Muulize mkulima alipulizia dawa lini na lebo inataka siku ngapi kabla ya kuvuna. Akisita, acha majani, nunua kitu kingine. Muulize pia maji ya kumwagilia yanatoka wapi kama mboga utaila mbichi. Maziwa ya moja kwa moja kutoka zizini yachemshe, kwa kuwa yanaweza kubeba vimelea vya brusela na kifua kikuu, hata ng’ombe akionekana mzima.

Nafaka za jirani zina hatari ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, zisipokaushwa, na kupika hakuiondoi. Pima hivi: chukua chupa ya glasi kavu yenye kifuniko, jaza nafaka hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu kabisa. Tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Usinunue ya kuweka ghalani. Isipoganda uko chini ya hapo, ingawa mahindi ya kukaa miezi yanataka kama 13.5, kwa hiyo yaanike tena. Chumvi yenye unyevu huganda yenyewe na kukudanganya, basi ikaange kidogo kwanza na uiache ipoe.

Nyumbani ndiko faida yote inakopotea. Kata majani ya karoti siku hiyohiyo, kwa sababu yananyonya maji ya mzizi. Mboga za majani usizioshe kabla ya kuhifadhi; zifunge kwenye kitambaa kikavu ndani ya mfuko, ziingie kwenye friji. Ndizi, tufaha na nyanya zinatoa ethilini: zikikaa na majani huyageuza manjano, zikikaa na karoti huzitia uchungu. Nyanya zisiingie kwenye friji kabla hazijaiva; chini ya nyuzi 12 hivi harufu yake hufa. Viazi viwe gizani, na sehemu yoyote ya kijani ikatwe, kwani huashiria solanini, sumu ya asili ya viazi.

Msimu ukifurika, gandisha. Chemsha maji mengi, lita 4 kwa kila nusu kilo ya maharage mabichi, mara mbili ya hapo kwa majani. Tumbukiza, hesabu dakika tangu maji yachemke tena: majani 2, maharage 3. Yatoe, yazamishe kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, yachuje vizuri sana, kisha yaweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kosa la kawaida ni kujaza sufuria kupita kiasi. Maji yakichelewa zaidi ya dakika moja kurudi kuchemka, mboga hupata joto la kuamsha vimeng’enya (kemikali za mboga yenyewe zinazoiharibu) bila kuviua, na hiyo ni mbaya kuliko kuigandisha mbichi. Punguza mboga, usiongeze dakika.