Simu ya "bure" iliyokuwa inammalizia mama bando

Dada yangu aliniambia kwa upole, lakini usiku ule sikulala vizuri. "Kaka, unajua kila Jumapili mama anajiunga na bando la wiki nzima ili muonane kwenye video? Mkimaliza kuongea, limekwisha. Jumatatu mpaka Jumamosi anakaa bila intaneti."

Mimi huku Ujerumani nilikuwa na furaha kwamba nimepata njia ya kuongea na mama saa nzima bila kulipa hata senti. Nyumbani kwangu intaneti nalipia kwa mwezi, nitumie kidogo au nyingi, bili ni ile ile. Mama ananunua MB kwa hesabu, na video inazila haraka. Muda wote ule simu ilikuwa inalipiwa, ila na yeye. Wala hakuwahi kulitaja jambo hilo, kwa sababu alitaka kuniona uso.

Nikarudi kwenye kitu nilichokuwa nimekisahau: simu ya kawaida. Simu ya kawaida ikiingia Tanzania, Kenya au Uganda, anayepokea akiwa kwake halipi chochote. Gharama yote iko kwa anayepiga, na anayepiga ni mimi mwenye mshahara. Tena inaita hata kwenye kile kitochi chake kinachokaa na chaji siku nne, wakati simu janja imezimika kwa sababu umeme umekatika. Kwa mzazi mwenye umri mkubwa naona hii ndiyo simu nafuu kweli, hata kama mimi natoa hela kidogo.

Ila kurudi kwenye simu ya kawaida kunataka uzijue namba, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama wiki za mwanzo. Nakumbuka nilivyopiga namba ya mama kama nilivyoizoea, ikianza na 07, nikajibiwa kwa Kijerumani kwamba namba haipo. Nikaweka +255 mbele na kuiacha sifuri pale pale. Haikuita. Nikadhani simu yake imeibiwa.

Sifuri ile si sehemu ya namba yake. Ni alama ya kuuambia mtandao wa nchini kwamba unapiga ndani ya nchi hiyo hiyo. Ukiwa nje, kazi hiyo inashikwa na msimbo wa nchi, kwa hiyo sifuri inaondoka. Kwa simu za mkononi unaandika +255 halafu tarakimu tisa. Kenya ni +254 na tarakimu tisa, Uganda +256 na tarakimu tisa. Ukizihesabu zote bila alama ya kujumlisha unapata 12. Ukipata 13, karibu kila mara kosa ni hiyo sifuri. Italia ina utaratibu wake: namba zao za mezani hubaki na sifuri hata ukipiga kutoka nje, kwa hiyo usiiondoe ukimpigia ndugu aliyeko Roma kwenye simu ya mezani.

Alama ya + nayo ina kazi yake. Inachukua nafasi ya namba ya kutokea nje ya nchi uliyopo, na kila nchi ina yake. Sehemu kubwa ya Ulaya ni 00. Marekani na Kanada ni 011, Australia 0011. Kenya, Uganda na Tanzania ni 000. Simu ya mkononi ukiiwekea + inajua yenyewe itumie ipi. Simu ya mezani lazima uibonyezee. Ushauri wangu kwa anayejiandaa kusafiri: kabla hujapanda ndege, kaa chini ubadilishe namba zote ulizohifadhi kwenye simu yako zianze na +. Namba iliyohifadhiwa hivyo inafanya kazi ukiwa nyumbani na ukiwa popote duniani. Kisha andika tatu au nne za muhimu kwenye karatasi, uiweke kwenye pasipoti. Simu ikipotea ugenini, namba za kichwani huwa hazitoshi.

Misimbo yenyewe haikugawanywa ovyo. Inasimamiwa na Shirika la Mawasiliano ya Simu la Kimataifa, ITU, lenye makao yake Geneva, na tarakimu ya kwanza inakuonyesha eneo la dunia. Afrika karibu yote inaanza na 2. Kwetu nchi zimepangwa kama nyumba za mtaa mmoja: Rwanda 250, Ethiopia 251, Somalia 252, Jibuti 253, Kenya 254, Tanzania 255, Uganda 256, Burundi 257, Msumbiji 258. Kongo ya Kinshasa ni 243. Sudan Kusini ilipata 211 baada ya uhuru wa mwaka 2011. Hata 259 iliwahi kutengwa kwa ajili ya Zanzibar, lakini haikutumika. Zanzibar unaipigia kwa 255 kama bara.

Kuzijua hizi kunakulinda pia. Kuna utapeli ambao simu inaita mara moja tu na kukatika, ikitoka namba ya nje usiyoijua. Ukiwa na wasiwasi wa nyumbani, mkono unakimbilia kupiga, na dakika zako zinaliwa kwa bei ya juu sana. Walengwa wepesi ni sisi tuliozoea kubipiwa. Kabla hujarudisha simu, soma tarakimu tatu za mwanzo. Na usidanganyike kwamba kila +1 ni Marekani: msimbo huo unatumiwa pia na Kanada na visiwa vingi vya Karibi, kwa mfano 876 baada ya 1 ni Jamaika.

Sasa gharama. Kupiga moja kwa moja kwa laini ya huku bila kifurushi cha nje mara nyingi ndiyo njia ghali kuliko zote, na nilijifunza hilo kwa bili ya mwezi wangu wa pili. Umbali hauhusiki sana. Mtandao unaoipokea simu upande wa nyumbani unatoza ada kwa kila dakika inayoingia kutoka nje, na kampuni ya huku inaongeza faida yake juu. Ndiyo maana unaweza kuona kupiga Afrika Mashariki ni ghali kuliko kupiga nchi nyingine iliyo mbali vile vile.

Kinachonisaidia mimi ni programu za kupiga simu ya kawaida kupitia intaneti. Sauti yako inasafiri kwa intaneti mpaka karibu na nyumbani, kisha inaingizwa kwenye mtandao wa simu na kuita kama simu yoyote. Mama hahitaji kupakua kitu. Unaweka salio kidogo na kukatwa kwa dakika. Kabla ya kuweka salio kubwa, piga simu moja ya dakika chache halafu uangalie kimekatwa kiasi gani hasa. Angalia kama kuna ada ya kuunganishwa, kama sekunde tano zinahesabiwa dakika nzima, na salio linaisha muda lini. Angalia pia bei ya simu za mkononi, maana ile ya mezani huwa tofauti, na nyumbani ni wangapi bado wana simu ya mezani? Kadi za kukwangua bado zinauzwa, lakini nyingi hukata ada kila unapounganishwa. Ukiwa nayo, ongea mara moja kwa kirefu kuliko mara tano fupi fupi.

Kuna jambo moja lilinisumbua mwezi mzima. Mama alikuwa hapokei. Kumbe kwenye kioo chake ilikuwa inatokea namba ngeni, siku nyingine ya nje na siku nyingine ya nchini, na sisi wenyewe tulimfundisha asipokee namba asizozijua kwa ajili ya matapeli. Programu nyingi zinakuruhusu kuthibitisha namba yako ili ndiyo ionekane. Fanya hivyo siku ya kwanza. Ukiona simu zako zinaendelea kutokea na namba za nchini zinazobadilika badilika, huenda zinapitishwa kwenye visanduku vilivyojaa laini ili kukwepa ada. Mamlaka za mawasiliano zinavipiga vita, na sauti yake mara nyingi ni mbovu. Mimi nilihama.

Shangazi yangu aliyeishi nje miaka ya tisini anasema hatujui tulivyopata raha. Enzi zake simu ilipitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, sauti ikaenda na kurudi kwa kuchelewa, mkawa mnaongea kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja huku dakika zinakatika. Mkongo wa baharini wa SEACOM, yaani waya unaopitisha mawasiliano chini ya bahari, ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Leo nasikia hata mama akishusha pumzi.

Kwa walioko Uarabuni mambo yana tofauti. Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp, watu hutumia programu zilizoruhusiwa, na huko simu ya kawaida kwa mzazi ina faida mara mbili. Muda nao uangalie: saa za Afrika Mashariki hazibadiliki mwaka mzima, za Ulaya zinabadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wakati wa baridi nikitoka kazini saa kumi na mbili jioni, kwa mama ni saa mbili usiku. Kiangazi ni saa moja. Aliyeko New York yuko nyuma ya nyumbani kwa saa nane wakati wa baridi na saba kiangazi, kwa hiyo jioni yake baada ya kazi ni usiku wa manane kwa wazazi, na simu ya usiku wa manane inamtia mzazi hofu kabla hajaipokea.

Video hatujaiacha. Mara moja kwa mwezi namtumia bando kwanza, tunaonana. Ukituma, muulize yuko mtandao gani sasa hivi. Tangu 2017 Tanzania mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo tarakimu za mwanzo hazikuambii tena.

Na nimemfundisha kunibipu. Kwenye kitochi anabonyeza 0 kwa muda mpaka ije +, anaandika 49 na namba yangu, inaita mara mbili, anakata. Jumatano iliyopita alinibipu nikiwa kwenye treni. Nilishuka kituo kinachofuata, nikampigia moyo ukinienda mbio.

"Shikamoo mama, kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna kitu. Mvua imeanza."